Breka ya 20 ilikuwa inakata, fundi kaweka ya 32, sasa swichi inanuka

Mpole_Kiasi
Wakuu habari za muda huu. Naomba msaada, hapa ndani tumeanza kuogopa kuoga.

Bafuni kuna ile shawa inayochemsha maji papo hapo, ya wati 5500. Ilikuwa kwenye breka ya ampea 20. Wa kwanza kuoga anamaliza salama, wa pili akifika katikati ya sabuni, tap! Breka imekata. Ukiirudisha hapo hapo inagoma, ukisubiri dakika chache inakaa. Nikamwita fundi. Akaitazama, akasema breka imechoka na tena ni ndogo, akatoa ya 20 akaweka ya 32. Robo saa kazi imekwisha, na kweli tangu siku hiyo haijakata.

Wiki ya pili nikaanza kusikia harufu kama ya plastiki iliyosogezwa karibu na moto. Inatoka kwenye swichi kubwa ya shawa iliyo nje ya bafu. Wakishaoga watu watatu mfululizo, nikiweka kiganja ukutani juu ya hiyo swichi nakuta uvuguvugu. Hauunguzi, lakini ukuta unapataje joto?

Waya naambiwa ni 2.5 (milimita mraba). Kutoka DB, lile sanduku la breka, mpaka bafuni ni kama mita 18, unapita darini kisha unashuka ukutani ndani ya paipu. Paipu hiyo hiyo ina waya za taa na za soketi.

Nibadilishe swichi, au fundi alikosea?

Kijiko_cha_Chai
Wa pili kuoga ndiye fundi halisi wa nyumba hiyo, alijua tatizo kabla ya wote 😂 Naweka kambi hapa nisubiri wajuzi.

Weka32_Ulale
Mkuu usijichoshe. Badilisha swichi, nunua ile nzito ya ampea 45, maisha yaendelee. Mimi kwangu soketi zote na shawa nimeweka 32, mwaka wa nne huu haijakata hata siku moja.

Bisibisi_Mzee
Mpole, kabla hujasoma zaidi nenda kazime hiyo breka ya shawa. Mkaoge maji ya ndoo. Nasubiri.

Umezima? Haya.

Ndugu yangu Weka32, kutokukata miaka minne si sifa. Breka imewekwa pale kwa ajili ya waya. Shawa ikiharibika utanunua nyingine, lakini waya uko ndani ya ukuta na juu ya dari, ukiungua huuoni mpaka moto utokeze. Kwa hiyo swali la kwanza ninalomuuliza kijana wangu kazini ni hili: huu waya, mahali hapa ulipolala, unabeba ampea ngapi bila ganda lake kuzidi joto? Breka isivuke namba hiyo. Halafu ishuke mpaka wapi? Isishuke chini ya mzigo. Mzigo, breka, waya, kwa mpangilio huo, kila mmoja awe sawa na aliyemtangulia au amzidi.

Tuhesabu ya Mpole. Wati 5500 gawanya kwa volti 230 unapata ampea 23.9. Shawa ni koili ya kupasha tu, haina mambo ya pawa fakta (ile sehemu ya umeme unaovutwa ambayo inafanya kazi kweli), hesabu inaishia hapo. Breka ya 20 inabeba 23.9, yaani mara 1.2 ya namba yake. Watu wengi hawajui kwamba breka ya 20 haikati ikifika 20. Kwa kiwango cha breka za nyumbani, ikibebeshwa mara 1.13 haitakiwi kukata ndani ya saa nzima, ikibebeshwa mara 1.45 lazima ikate kabla saa haijaisha. Hapo katikati ni hiari yake, na joto la ndani ya DB linachangia. Ndani yake mna kibati cha metali mbili kinachojipinda kikipata joto. Wa kwanza kuoga anakipasha, wa pili anakimalizia. Ukiirudisha haraka inagoma kwa sababu kibati bado kimepinda. Breka yako haikuwa imechoka, ilikuwa inafanya kazi yake.

Yule fundi alikuwa sahihi kwamba 20 ni ndogo kwa mzigo huo. Ila akasahau kuuliza upande wa pili.

Mpole_Kiasi
Nimezima mzee. Asante. Sasa huo upande wa pili? 2.5 si wanasema inabeba ampea 27?

Bisibisi_Mzee
Inabeba 27 ikiwa ni kebo iliyobanwa juu ya ukuta, inapigwa hewa, iko peke yake, na hewa yenyewe ni nyuzi 30. Hiyo ndiyo namba ambayo wauzaji wanaipenda. Waya za moja moja ndani ya paipu ni habari nyingine. Nazikariri hizi, ni za shaba yenye ganda la PVC linalovumilia joto la nyuzi 70, saketi moja tu ndani ya paipu:

1.5 – ampea 17.5
2.5 – ampea 24
4 – ampea 32
6 – ampea 41
10 – ampea 57
16 – ampea 76

Kisha unaanza kupunguza. Saketi mbili ndani ya paipu moja, zidisha kwa 0.80. Tatu, 0.70. Nne, 0.65. Zinapashana joto kama watu waliolala kitanda kimoja. Dari chini ya bati la jua, weka nyuzi 40 angalau, zidisha kwa 0.87. Ikifika 50 ni 0.71.

Ya Mpole: 24 × 0.70 × 0.87 = 14.6. Waya wa kubeba 14.6 umebebeshwa karibu 24, na mlinzi wake ni breka ya 32 ambayo kwa hesabu ile ya 1.45 inaweza kuachia ampea 46 kwa muda kabla haijashtuka. Hata ile ya 20 ya mwanzo ilikuwa imezidi.

Weka32_Ulale
Mzee unatisha watu. Hizo hesabu za vitabuni zina akiba kubwa. Waya wangu nimeushika mara nyingi, hauna moto.

Bisibisi_Mzee
Umeushika kwenye DB au katikati ya ukuta?

Kijiko_cha_Chai
😂😂 Kimya.

Binti_Ampea
Mzee Bisibisi shikamoo. Naongeza mawili, moja la kumtetea kidogo Weka32.

Kile kipunguzo cha 0.70 kinahesabu kwamba saketi zote tatu zimebeba mzigo wa maana kwa pamoja. Waya za taa za siku hizi haziko hivyo. Taa sita za wati 10 ni wati 60, robo ya ampea. Kanuni inaruhusu: waya unaobeba chini ya asilimia 30 ya uwezo wake uliokwishapunguzwa huuhesabu kwenye kundi. Kwa hiyo paipu ya Mpole ni saketi mbili, shawa na soketi, tunatumia 0.80. 24 × 0.80 × 0.87 = 16.7. Bado hautoshi, ila tuwe wa haki.

La pili linanisumbua zaidi. Kaka Mpole, kwenye ubavu wa shawa yenyewe, siyo boksi, imeandikwa 5500W kwa volti ngapi? Na nyumbani kwako ukipima unapata volti ngapi? Tafadhali mwenye mita ya klampu, ile inayobana waya na kusoma ampea, akupimie, shawa iwake dakika mbili tu, mzime.

Shamba_Mbali
Samahani mwenye uzi nachomekea langu. Pampu ya maji ya kilowati 1.5, fezi moja, iko mita 60 kutoka DB. Waya 2.5 peke yake kwenye paipu, breka B16. Ikishawaka inaenda vizuri kutwa. Shida ni kuwaka: mara inakata breka, mara inanguruma tu haizunguki. Na mimi nilishauriwa niweke 32.

Bisibisi_Mzee
Hao washauri wa 32 wana chama nini?

Binti_Ampea
Shamba, lako ni tofauti kabisa na la Mpole na ndiyo maana dawa ya mmoja ni sumu kwa mwingine.

Kilowati 1.5 za mota ni kazi inayotoka kwenye shafti, siyo umeme unaoingia. Chukua ufanisi 0.75 na pawa fakta 0.8, mota za fezi moja za ukubwa huo ziko karibu na hapo: 1500 ÷ (230 × 0.75 × 0.8) unapata kama ampea 10.9. Kwenye kibao cha mota pameandikwa namba kamili, amini kibao kuliko mimi. Kwa hiyo 16 inatosha sana ikishazunguka.

Wakati wa kuwaka mota inavuta mara sita hadi saba, tuseme ampea 70. Sasa herufi iliyo mbele ya namba. B inakata papo hapo mahali fulani kati ya mara 3 na mara 5 ya namba yake. B16 ni kati ya 48 na 80. Ampea 70 inaangukia mle mle, ndiyo maana mara inakata mara haikati. C ni mara 5 hadi 10, yaani C16 ni kati ya 80 na 160. D ni mara 10 hadi 20, hiyo waachie transfoma na mota ngumu. Unabadilisha herufi, namba inabaki 16. Waya wako unaendelea kulindwa vilevile dhidi ya kuzidiwa mzigo, kwa sababu kile kibati anachosema mzee ni kile kile kwa B na C.

Tahadhari moja. C inahitaji mkondo mkubwa zaidi ili iruke haraka waya ukigusa mwili wa pampu. Kwa B16 njia nzima ya kwenda na kurudi kwa waya wa ardhi isizidi omu 2.88, kwa C16 ni nusu yake, 1.44. Hiyo ni kugawanya 230 kwa 80 na kwa 160, wengine hupunguza tena kidogo kwa usalama. Kama ardhi yenu ni ule msumari tu uliochimbiwa nje, hutafika hapo, RCD, kile kifaa kinachokata umeme unapovuja kwenda ardhini, ni lazima.

Shamba_Mbali
Nimekuelewa dada. Na ile kunguruma?

Binti_Ampea
Hiyo ni volti kupotea njiani. Waya wa 2.5 unapoteza milivolti 18 kwa kila ampea kwa kila mita, kwenda na kurudi vimo ndani. Wa 4 ni 11, wa 6 ni 7.3, wa 10 ni 4.4.

18 × 10.9 × 60 ÷ 1000 = volti 11.8. Kikomo cha kawaida cha vitu visivyo taa ni asilimia 5 ya 230, yaani 11.5. Umezidi kidogo hata mota ikiwa imetulia. Kwenye kuwaka, ampea 70, hesabu ya haraka inasema unapoteza zaidi ya volti 70 njiani. Pampu inapata 155 hivi, na nguvu ya kuzungusha inashuka kwa mraba wa volti, inabaki chini ya nusu. Itanguruma, itafanya nini? Ukiweka waya wa 4 upotevu wa kawaida unakuwa 7.2. Mita 60 siyo mbali kwa kutembea, kwa waya ni mbali. Kama kebo ikibadilishwa na bado ananguruma, angalia kapasita ya kuwashia, huwa inakufa mapema.

Taa_Kibatari
Swali la mshamba: ile 6000 ndani ya kisanduku kwenye uso wa breka ni nini? Mimi nilidhani ni wati.

Bisibisi_Mzee
Hapana, ni ampea 6000. Ikipigwa shoti kubwa, huo ndio mkondo mkubwa kabisa ambao breka inaweza kuukata bila yenyewe kupasuka. Ukiwa jirani kabisa na transfoma inabidi upate ya 10000. Haina uhusiano na mzigo wako wa kila siku.

Taa_Kibatari
Na breka ya 32 inaniokoa nikishika waya?

Bisibisi_Mzee
Haikuoni. Inayokuona ni RCD ya miliampea 30. Breka inasubiri ampea 32, hizo ni zaidi ya mara elfu moja ya hizo miliampea. Kwa shawa inayomwaga maji juu ya kichwa cha mtu huku ina koili ya umeme ndani, mimi siiwashi kama hakuna RCD.

Mpole_Kiasi
Wakuu nimerudi. Nimepata fundi mwingine mwenye klampu, mtulivu, hakuguswa na haraka. Majibu:

Kwenye ubavu wa shawa: 220V 5500W.
Volti kwenye DB shawa ikiwaka: 238.
Ampea: 26.1.
Tulipozima akafungua swichi. Waya wa fezi kwenye skrubu ganda limegeuka kahawia kama karameli, sentimita tano hivi. Skrubu aliizungusha kwa vidole viwili, haikuhitaji bisibisi.

Dada Binti ulijuaje kuuliza volti?

Binti_Ampea
Nilihisi kwa sababu breka yako ilikuwa inakata mapema mno. Kwa mara 1.2 wengi hata wasingeona shida kwa muda wa kuoga. Sasa ona: mzigo wa koili huandikwa kwa volti ya kiwandani, lakini kilichomo ndani ni omu. 220 × 220 ÷ 5500 = omu 8.8. Ukiipa 238, itavuta 238 ÷ 8.8 = ampea 27, na wati zake zinapanda kupita 6400. Yaani una shawa kubwa kuliko uliyonunua.

Na kwa nini klampu ilisema 26.1 na siyo 27? Kwa sababu waya wenyewe nao ni koili. Mita 18 za 2.5 zikiwa za moto ni kama omu 0.32. Zinakula sehemu ya volti, mkondo unapungua. Hicho kilicholiwa hakipotei hewani: 26 × 26 × 0.32 ni wati zaidi ya 215 zinazotolewa ndani ya paipu na ukuta wako. Ndio ule uvuguvugu wa kiganjani.

Bisibisi_Mzee
Binti umenikamata. Mimi nilichukua 230 kwa mazoea. Hesabu yangu ya 23.9 ifuteni, mzigo ni 27. Kama ningemwambia aweke breka ya 25 angepata breka inayobebeshwa mara 1.08 kila siku, haikati, inachemka tu ndani ya DB na kuwapasha majirani zake.

Kuhusu swichi, pale ndipo moto huanzia nyumba nyingi. Waya ukizidiwa unapata joto kote, lakini skrubu iliyolegea inakusanya joto lote mahali pamoja. Shaba ikipata moto inatanuka, ikipoa inajikunja, kila siku skrubu inalegea zaidi. Kata hiyo sehemu ya kahawia, usiirudishe.

Weka32_Ulale
Haya na mimi swali, kwa amani kabisa. Kwa hiyo ya Mpole, 32 ni mbaya au nzuri? Maana naona mnazunguka.

Binti_Ampea
32 ndiyo breka sahihi ya mzigo wa 27. 25 ni ndogo, na kinachofuata kwenye zile za kawaida ni 32. Sasa tunautafuta waya unaostahili 32, kwa kurudi nyuma: gawanya breka kwa vipunguzo.

Ukiubakiza ndani ya paipu ile ile na soketi: 32 ÷ (0.80 × 0.87) = 46. Waya wa 6 unabeba 41, haufiki. Lazima 10, na kuusukuma 10 kwenye paipu iliyojaa ni adhabu.

Ukiupa paipu yake: 32 ÷ 0.87 = 36.8. Waya wa 6 unatosha, na akiba ipo. Upotevu wa volti ni 7.3 × 27 × 18 ÷ 1000, volti 3.5, hata usihangaike nao. Kwa umbali huu kinachoamua ni joto, siyo volti. Kwa Shamba ilikuwa kinyume.

Paipu mpya moja inakushusha kutoka waya wa 10 hadi wa 6. Mimi ningechimba ukuta.

Na soketi zako, Weka32: nyuma yake kuna waya gani?

Weka32_Ulale
2.5, tena nyingine nadhani fundi alimalizia na 1.5 😬

Bisibisi_Mzee
Leo leo zishushe. Kwa 2.5 kwenye paipu, 20 ikiwa peke yake, 16 ikiwa na wenzake. Kwenye tawi lenye 1.5, breka ni 10, na ukiwa na uhakika wa njia yake labda 16. Breka inafuata waya mwembamba kuliko zote katika saketi, hata kama ni mita mbili za mwisho tu.

Kijiko_cha_Chai
Mimi nina utata mwingine. DB yangu meni, yaani breka kuu, ni 63. Nikijumlisha breka zote napata 32+32+20+20+16+10+10 = 140. Nimevunja sheria?

Binti_Ampea
Hapana. Namba ya breka ni kikomo cha waya wake, siyo mzigo. Jumlisha mizigo inayowaka pamoja kweli: jiko, shawa na pasi kwa saa moja ya jioni, uone kama inapita 63.

Taa_Kibatari
Nimeingia mtandaoni nikakuta waya namba 12 breka 20, namba 10 breka 30. Sasa 10 ni ndogo kuliko 12 au?

Bisibisi_Mzee
Hizo ni namba za AWG za Marekani. Kule namba ikipanda waya unapungua. Namba 12 ni kama milimita mraba 3.3. Usichanganye meza mbili kwenye nyumba moja.

Shamba_Mbali
Kabla hujanunua huo wa 6, Mpole, upime. Mimi nilipoenda kuchukua wa 4 nikaukuna kwa kisu, juu rangi ya shaba, ndani mweupe. Alumini iliyopakwa rangi ya urembo.

Binti_Ampea
Shamba umesema neno. Alumini inapitisha kama asilimia 60 tu ya shaba, hizo meza zote za mzee hazimhusu. Kuna njia mbili za kumpima. Ya kwanza ni kalipa, kile kipimo cha unene: 1.5 ya uzi mmoja kipenyo chake ni karibu milimita 1.38, 2.5 ni 1.78. Wa 6 wenye nyuzi saba, kila uzi ni kama 1.04. Pima shaba tupu, siyo na ganda. Wajanja wanaongeza ganda. Ya pili ni roli zima: mita 100 za 2.5 zisizidi omu 0.74, za 6 zisizidi 0.31. Gusanisha ncha za mita yako kwanza usome omu zake zenyewe, kisha utoe, maana ncha peke yake zinaweza kusoma 0.2.

Mpole_Kiasi
Wakuu mrejesho, samahani kwa kuchelewa, tulikuwa na vumbi la ukuta hadi kwenye sukari.

Tumechimba, paipu mpya, waya wa 6 umepimwa kwa kalipa mbele ya muuzaji, akanuna. Swichi mpya, RCD imewekwa, skrubu zimekazwa na fundi akarudi kuzikaza tena siku ya tatu.

Ule waya wa zamani tuliuvuta ukatoka kwa shida. Kuanzia pale unaposhuka ukutani ganda lilikuwa gumu, ukilikunja linavunjika kama kucha. Nikakumbuka dada Binti, nikauweka kwenye kalipa: milimita 1.6. Uzi mmoja.

Binti_Ampea
0.8 × 0.8 × 3.14. Hiyo ni milimita mraba 2.0. Hata hiyo 2.5 hukuwa nayo.

Bisibisi_Mzee
Lahaula. Na sasa inavuta ngapi?

Mpole_Kiasi
26.6 mzee, imepanda nusu ampea. Maji nayo yamezidi moto, mama watoto ameuliza kama nimenunua shawa mpya. Tumeoga watu wanne mfululizo, nikaenda kuweka kiganja ukutani. Baridi.

Kijiko_cha_Chai
Na ile breka ya 32 ya yule fundi wa robo saa mmeitupa?

Mpole_Kiasi
Tumeiacha pale pale alipoiweka.